Viwanda Vimezalisha Zaidi, Mbona Sabuni Haijashuka Bei? Kuielewa Fahirisi ya Uzalishaji Viwandani

Katika mikutano ya hadhara ya vijiji na kata zetu, lipo swali linalorudi mara kwa mara. Mwananchi husimama, akaeleza kuwa amesikia redioni uzalishaji wa viwanda nchini umeongezeka kwa asilimia kadhaa, kisha akauliza: ikiwa viwanda vinazalisha zaidi, mbona mche wa sabuni dukani kwetu bado unauzwa bei ile ile, au hata zaidi? Wengine huenda mbali, wakasema kuwa takwimu hizo hutungwa ili kuwafurahisha wakubwa.

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la kina. Takwimu inayotangazwa huitwa Fahirisi ya Uzalishaji Viwandani. Haikutungwa, lakini pia haipimi kila jambo ambalo msikilizaji hudhani inapima. Katika makala haya tunaeleza fahirisi hiyo ni kitu gani, inakokotolewaje, inasema nini kuhusu bidhaa tunazotumia majumbani, na ni wapi ukomo wake. Tunafanya hivyo kwa sababu wapo wakazi wa kata zetu, hasa wanavikundi wanaoomba mikopo ya Halmashauri ili kuanzisha viwanda vidogo, ambao kuielewa takwimu hii vibaya kunaweza kuwagharimu fedha, na kuielewa vizuri kunaweza kuwaokoa.

Fahirisi ni nini?

Fahirisi ni namba inayolinganisha hali ya kipindi kimoja na hali ya kipindi kingine kilichochaguliwa kuwa cha kulinganishia. Kipindi hicho cha kulinganishia huitwa mwaka wa kizio, nao hupewa namba 100. Fahirisi ikisoma 109, maana yake ni kwamba kiasi kinachozalishwa sasa kimezidi kile cha mwaka wa kizio kwa asilimia 9. Ikisoma 92, kimepungua kwa asilimia 8. Hivyo anayesikia kuwa fahirisi ni 109 asidhani kwamba uzalishaji umekua kwa asilimia 109.

Fahirisi ya Uzalishaji Viwandani hutayarishwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yenye makao makuu yake Dodoma, na hutolewa kila robo mwaka, yaani kila baada ya miezi mitatu. Inahusu sehemu kuu nne za uchumi: uchimbaji wa madini na mawe, uzalishaji wa bidhaa viwandani, uzalishaji wa umeme, na ukusanyaji na usambazaji wa maji. Jambo hili peke yake huleta mkanganyiko mkubwa. Fahirisi ya jumla inaweza kupanda kwa sababu migodi imechimba dhahabu nyingi zaidi au kwa sababu umeme zaidi umezalishwa, huku viwanda vya sabuni na mafuta ya kula vikiwa pale pale. Mwananchi anayetaka kujua habari za bidhaa za nyumbani asiishie kwenye namba ya jumla. Aitafute sehemu ya uzalishaji wa bidhaa, na ndani yake aangalie makundi ya viwanda.

Makundi hayo hupangwa kwa kufuata mfumo wa kimataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi, ili takwimu za nchi moja ziweze kulinganishwa na za nyingine. Humo utakuta viwanda vya vyakula, vinywaji, tumbaku, nguo na vitambaa, mavazi, ngozi na viatu, mbao, karatasi, kemikali, samani na kadhalika. Sabuni, kwa mfano, huhesabiwa katika kundi la kemikali, ingawa mama wa nyumbani hawezi kuifikiria hivyo. Mafuta ya alizeti, unga, sukari na maziwa ya pakiti yamo katika kundi la vyakula.

Bidhaa za walaji ni zipi?

Wachumi hugawa bidhaa za viwandani kwa kuangalia matumizi yake ya mwisho. Zipo zile zinazokwenda kutumiwa na viwanda vingine au na mafundi, kama saruji, nondo na nyuzi za pamba. Zipo zile zinazotumika kuzalisha bidhaa nyingine kwa miaka mingi, kama mashine na matrekta. Na zipo bidhaa za walaji, ambazo zinaishia mikononi mwa mtu anayezitumia nyumbani kwake.

Bidhaa za walaji nazo zina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni bidhaa zisizodumu: sukari, unga, chumvi, sabuni, soda, kiberiti. Hizi hununuliwa kila siku au kila wiki, na familia haiwezi kuziacha hata mwaka ukiwa mgumu. Hupunguza kipimo tu. Fungu la pili ni bidhaa za kudumu: godoro, kabati, jiko, baiskeli. Hizi mtu huweza kuziahirisha hadi mavuno mazuri. Ndiyo maana uzalishaji wa bidhaa za kudumu hupanda na kushuka kwa kasi kuliko ule wa bidhaa zisizodumu. Mchumi akiona magodoro na samani zinazalishwa kwa wingi kwa robo kadhaa mfululizo, hupata ishara kwamba watu wana fedha ya ziada. Akiona sukari na unga vimepungua, hutambua kwamba jambo zito limetokea, kwani hivyo si vitu ambavyo watu huacha kununua kwa hiari.

Mpaka kati ya mafungu haya hauko wazi siku zote. Unga wa ngano unaonunuliwa na familia ni bidhaa ya mlaji, lakini mfuko huo huo ukienda kwenye kiwanda cha mikate umekuwa malighafi. Sukari inayokwenda nyumbani na ile inayokwenda kwenye kiwanda cha soda zimetoka katika mtambo mmoja. Kwa sababu hiyo, anayesoma takwimu hizi anapaswa kukumbuka kuwa kuongezeka kwa sukari kiwandani hakumaanishi moja kwa moja kuongezeka kwa sukari katika duka la kijiji.

Jinsi inavyokokotolewa

Tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Tuseme kata fulani ina viwanda vitatu tu: kimoja kinakamua mafuta ya alizeti, cha pili kinatengeneza sabuni, na cha tatu kinaoka mikate. Katika mwaka wa kizio, kwa mwezi, vilizalisha lita 10,000 za mafuta, miche 4,000 ya sabuni na mikate 20,000. Sasa vinazalisha lita 12,000 za mafuta, miche 3,600 ya sabuni na mikate 22,000. Kwa hiyo mafuta yamefika 120, sabuni imeshuka hadi 90, na mikate imefika 110.

Tunawezaje kupata namba moja kwa kata nzima? Hatuwezi kujumlisha lita, miche na mikate. Wala haifai kuchukua wastani wa kawaida wa namba hizo tatu, kwa sababu viwanda havilingani kwa umuhimu. Kila kiwanda hupewa uzito wake, ambao wataalamu huuita mizania, kulingana na thamani kinayoongeza katika uchumi.

Thamani hiyo inayoongezwa inahitaji maelezo. Mkamuaji akinunua mbegu za alizeti kwa shilingi 800,000, akalipia umeme na vitu vingine vya shilingi 100,000, kisha akauza mafuta na mashudu kwa shilingi 1,200,000, yeye hakuzalisha thamani ya shilingi 1,200,000. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ni jasho la mkulima na la waliozalisha umeme. Thamani aliyoiongeza yeye ni shilingi 300,000, na humo ndimo hutoka mishahara ya vibarua wake, ushuru, na faida yake.

Tuseme basi kwamba kati ya kila shilingi 100 za thamani iliyoongezwa na viwanda vya kata hiyo katika mwaka wa kizio, mafuta yalileta 50, sabuni 30 na mikate 20. Sasa hesabu ni hii: nusu ya 120 ni 60, asilimia 30 ya 90 ni 27, asilimia 20 ya 110 ni 22. Ukijumlisha 60, 27 na 22 unapata 109. Hiyo ndiyo fahirisi ya kata.

Tazama yaliyofichika ndani ya namba hiyo moja. Kata imekua kwa asilimia 9, na mtangazaji hatakosea akisema hivyo. Lakini kiwanda cha sabuni kimeporomoka kwa asilimia 10, na huenda kimewapunguza wafanyakazi. Familia ya mfanyakazi aliyepunguzwa ikisikia kuwa viwanda vimekua, itasema takwimu ni za uongo. Takwimu si ya uongo. Imesema juu ya jumla, wakati familia ile imo katika sehemu. Ndiyo maana tunasisitiza kuwa namba ya jumla isomwe pamoja na makundi yake.

Kiasi si bei

Sasa tufike kwenye swali la sabuni. Fahirisi hii hupima kiasi cha bidhaa, haipimi bei. Bei za rejareja hupimwa na takwimu nyingine, Fahirisi za Bei za Taifa, ambazo ndizo hutoa kiwango cha mfumuko wa bei kinachotangazwa kila mwezi. Mtu akizichanganya hizi mbili atapotea.

Tuchukue mfano mwingine. Kiwanda kiliuza miche 10,000 ya sabuni kwa shilingi 3,000 kila mmoja, kikapata shilingi milioni 30. Mwaka uliofuata kiliuza miche 9,000 kwa shilingi 4,000, kikapata shilingi milioni 36. Mwenye kiwanda atasema biashara imekua kwa asilimia 20, na daftari lake litamuunga mkono. Lakini mwananchi amepata miche 1,000 pungufu. Fahirisi ya Uzalishaji Viwandani imekusudiwa kuuona ukweli huu wa pili. Pale ambapo haiwezekani kuhesabu bidhaa moja moja, wataalamu huchukua mauzo na kuyaondolea ongezeko la bei. Katika mfano wetu, shilingi milioni 36 zikipimwa kwa bei ya zamani ni shilingi milioni 27, na milioni 27 dhidi ya milioni 30 ni 90. Uzalishaji umeshuka kwa asilimia 10, ingawa fedha imeongezeka.

Je, kiasi kikiongezeka, bei haishuki? Mara nyingine hushuka, lakini si lazima. Bei ya bidhaa dukani hutokana na mambo mengi: gharama ya malighafi, umeme, usafiri, kodi, thamani ya shilingi dhidi ya fedha za kigeni, na kiasi kinachoagizwa kutoka nje. Mafuta ya kula ni mfano ulio wazi. Nchi yetu bado huagiza mafuta mengi kutoka ng'ambo. Bei ya dunia ilipopanda katika miaka ya 2021 na 2022, hasa baada ya vita kuanza Februari 2022 nchini Ukraine, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani, bei ilipanda hadi katika maduka yetu ya vijijini. Hata kama mkamuaji wa Singida alizalisha zaidi mwaka huo, hakuweza peke yake kuishusha bei iliyopandishwa na soko la dunia.

Sukari inatufundisha upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilinyesha kwa wingi katika maeneo ya mashamba ya miwa. Magari hayakuweza kuingia mashambani, na miwa iliyojaa maji hutoa sukari kidogo. Uzalishaji viwandani ulipungua, na mwanzoni mwa mwaka 2024 bei ya kilo moja ilifika shilingi 4,000 na zaidi katika baadhi ya maeneo. Serikali iliruhusu sukari kuagizwa kutoka nje na Bodi ya Sukari ikatangaza bei ukomo. Hapo kiasi na bei vilikwenda kama takwimu ingetabiri: kimoja kilishuka, kingine kikapanda. Anayefuatilia uzalishaji wa kundi la vyakula anaweza kuelewa jambo la namna hiyo kwa sababu zake, badala ya kumlaumu mwenye duka peke yake.

Wazee wanakumbuka

Wenye umri mkubwa miongoni mwetu hawahitaji kufundishwa umuhimu wa bidhaa za walaji. Wanakumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi zilipoadimika. Nchi ilikuwa na viwanda vya nguo, sabuni na viatu, lakini vingi vilifanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Watu walipanga foleni kwa ajili ya sukari, khanga na sabuni, na wapo waliofua nguo kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 Serikali iliendesha msako dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa ziliweza kufichuliwa. Zile ambazo hazikuzalishwa hazikuweza kupatikana kwa msako wowote.

Hilo ndilo somo la fahirisi hii. Kuwa na jengo la kiwanda si sawa na kuwa na bidhaa. Idadi ya viwanda vilivyozinduliwa inaweza kuongezeka huku sabuni ikipungua. Kinachopimwa hapa si mawe ya msingi yaliyowekwa, bali kilichotoka mlangoni mwa kiwanda.

Misimu, na hatari ya kukopa kwa kusoma vibaya

Viwanda vyetu vingi vya bidhaa za walaji hutegemea mazao ya shamba, na shamba lina misimu. Viwanda vya sukari husimamisha usagaji wa miwa wakati wa masika, vikatumia muda huo kufanya matengenezo. Wakamuaji wa alizeti hupata mbegu kwa wingi baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, kisha wengi hupunguza kazi au kufunga kabisa mbegu zinapokwisha. Kwa hiyo uzalishaji wa robo moja ukilinganishwa na wa robo iliyotangulia huweza kuonesha mruko mkubwa ambao ni wa msimu tu.

Tuseme, kwa mfano tena, kuwa fahirisi ya ukamuaji wa mafuta ilikuwa 90 kati ya Aprili na Juni, ikawa 130 kati ya Julai na Septemba. Ongezeko ni la asilimia 44. Kikundi cha vijana kikisoma habari hiyo kinaweza kuona kuwa biashara ya mafuta imechachamaa, kikaandika andiko la kuomba mkopo wa kununua mashine ya kukamua. Lakini kama robo ya Julai hadi Septemba ya mwaka uliotangulia fahirisi ilikuwa 128, basi ukuaji wa kweli ni chini ya asilimia 2. Kilichobaki ni msimu wa mavuno. Mashine itanunuliwa, itakamua kwa miezi minne, kisha itakaa kimya miezi minane huku marejesho ya mkopo yakidaiwa kila mwezi.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni za wananchi wote, na kikundi kisiporejesha, kikundi kinachofuata hukosa. Tunawashauri wanavikundi wanaoandaa maandiko ya viwanda vidogo wazingatie yafuatayo kabla ya kutegemea takwimu yoyote ya ukuaji wa viwanda:

1. Je, ongezeko lililotangazwa ni la sekta yote au la kundi la bidhaa mnayotaka kuzalisha? Ukuaji wa madini hauuzi mafuta yenu.

2. Je, robo inayotajwa imelinganishwa na robo iliyopita au na robo kama hiyo ya mwaka jana? Kwa bidhaa zinazotokana na mazao, ulinganisho wa pili ndio wenye maana.

3. Je, mnalinganisha asilimia au nukta? Fahirisi ikitoka 120 hadi 126 imepanda nukta 6, lakini ukuaji ni asilimia 5.

4. Je, malighafi itatosha? Uzalishaji wa taifa ukipanda, washindani wenu nao wananunua mbegu zile zile. Pengine faida ipo katika kuhifadhi mbegu, au katika bidhaa nyingine, kuliko katika mashine ya ishirini ndani ya tarafa moja.

5. Je, bei za mauzo na za malighafi zinaelekea wapi? Hilo fahirisi ya uzalishaji haitawaambia. Litafuteni katika takwimu za bei na katika masoko yenyewe.

Yasiyoonekana katika fahirisi

Kila kipimo kina ukomo wake. Takwimu za kila robo mwaka hukusanywa hasa kutoka viwanda vikubwa na vya kati vilivyoteuliwa kuwakilisha vingine. Lakini sensa ya viwanda ya mwaka wa rejea 2013 ilionesha kuwa kati ya viwanda zaidi ya 49,000 vya Tanzania Bara, zaidi ya asilimia 80 vilikuwa vidogo sana, vyenye wafanyakazi wasiozidi wanne. Fundi cherehani, seremala wa kijiji, mama anayesaga karanga na kuzipaki, wote ni wazalishaji wa bidhaa za walaji, na mchango wao hauonekani kwa urahisi katika takwimu za robo mwaka. Kata inaweza kuwa na shughuli nyingi ambazo fahirisi haizioni.

Pili, fahirisi ni ya taifa. Haisemi kama ongezeko limetokea Dar es Salaam, Mwanza au kwetu. Tatu, haipimi ajira; kiwanda kikinunua mtambo mpya kinaweza kuzalisha zaidi kwa watu wachache. Nne, haihesabu bidhaa zilizoagizwa. Soko likijaa mitumba, mwananchi atavaa vizuri, lakini kundi la mavazi halitapanda kwa sababu hiyo. Tano, takwimu zinazotolewa mara ya kwanza huweza kuwa za awali, zikarekebishwa viwanda vilivyochelewa vinapoleta taarifa zao. Namba kubadilika kidogo katika ripoti inayofuata si dalili ya udanganyifu, bali ya kusahihisha.

Mdadisi akibisha hodi

Takwimu hizi zinaanzia kwa mwenye kiwanda anayejaza dodoso. Hapa ndipo mkazi wa kata anapokuwa na sehemu yake. Wenye viwanda wengi huwaogopa wadadisi wakidhani wametumwa kukadiria kodi. Wapo wanaotaja uzalishaji mdogo kuliko ulivyo, na wapo wanaojificha kabisa.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini sheria imeitazama. Sheria ya Takwimu inawataka watumishi wa takwimu kula kiapo cha kutunza siri, na inakataza kuchapisha au kutoa taarifa ya mtu au biashara moja kwa namna inayoweza kumtambulisha mwenyewe. Kinachochapishwa ni jumla. Sheria hiyo hiyo imeufanya kuwa kosa ukataaji wa kutoa taarifa zinazohitajika kisheria. Mdadisi halali hufika na kitambulisho, naye hujitambulisha kwa uongozi wa kijiji. Mwenye shaka ana haki ya kuuliza katika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata kabla ya kujibu lolote.

Gharama ya majibu ya uongo haiishii Dodoma. Wapangaji wa nchi huangalia takwimu hizi wanapofikiria ushuru wa bidhaa zinazoingia kutoka nje, mahali pa kupeleka umeme wa viwandani, na mazao ya kuhimizwa. Wakamuaji wa alizeti wakificha kiasi wanachokamua, taifa litaonekana kuwa na upungufu mkubwa kuliko uliopo, na jibu rahisi la upungufu ni kufungua mlango kwa mafuta ya nje. Hapo mkamuaji na mkulima aliyemuuzia mbegu wataumia pamoja, kwa namba iliyotoka katika kinywa cha mkamuaji mwenyewe.

Turudi kwenye swali

Mwananchi aliyeuliza kuhusu sabuni sasa anaweza kujibiwa hivi. Viwanda nchini huenda vimezalisha zaidi kwa jumla, lakini jumla hiyo ina madini, umeme na maji ndani yake. Hata kama kundi lenye sabuni nalo limekua, takwimu hiyo imehesabu kiasi, si bei. Na bei ya mche mmoja hubebwa pia na malighafi, usafiri na soko la dunia. Akitaka kujua bei inaelekea wapi, asome Fahirisi za Bei. Akitaka kujua kama nchi inajitosheleza kwa sabuni, asome kundi husika katika Fahirisi ya Uzalishaji, robo kwa robo kama hiyo ya mwaka jana.

Ripoti za fahirisi zote mbili hutolewa kwa umma na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Vikundi na wenye viwanda vidogo wanaohitaji msaada wa kuzisoma wafike kwa Afisa Biashara wa Halmashauri, au wapitie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao. Wanaoandaa maombi ya mikopo tunawasihi waje mapema, kabla ya kulipia mashine, kwa maana ushauri wa kabla ya kununua hauna gharama, na wa baada ya kununua huwa umechelewa.